Kimea Nyuma ya Mlango

Mwanangu Yusta,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Leo asubuhi nimekunyoa nywele kwa wembe mpya, nikakupaka mafuta kichwani mpaka ukang'aa, na sasa umekwenda Shanwe kumuaga shangazi yako. Nimekwambia usirudi mpaka jua lipungue. Shangazi yako ningeweza kumsalimia hata kwa mtu. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike bila wewe kunichungulia begani.

Mambo ya kufua soksi, ya kufunga tranka kwa kufuli, ya kuficha sabuni yako, hayo sitayaandika. Matroni wa bweni atakwambia, na mengine unayajua tangu una miaka saba, kwa sababu nilikuwa natoka alfajiri kwenda stesheni nakuachia nyumba nzima na ufunguo shingoni. Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilosema juzi.

Juzi tulikuwa tunapanga vitu. Nilikuwa nimekujazia lile kopo la maziwa ya unga: ulezi niliokaanga, tangawizi kavu, mdalasini, pilipili manga kidogo, na kwenye nailoni yake peke yake, kimea. Ukalishika. Ukalitazama muda. Halafu ukaniuliza polepole, "Mama, matroni akiniuliza hiki ni nini, nisemeje?"

Nikasema, "Funga tranka, tutaongea." Hatukuongea. Nimekwenda kisimani na neno hilo, nimerudi nalo. Mtoto mwingine angesema tu, ni kimea. Wewe unauliza usemeje. Na aliyekufundisha kuuliza hivyo ni mimi, mama yako, sio Mama Lameki. Mama Lameki ana yake, nitayasema, lakini hilo ni langu.

Nianzie mbali kidogo.

Unajua bibi yako kule Sibwesa alikuwa anapika pombe ya ulezi. Hujui ilikuwaje kuwa mtoto wake. Nyumbani kwetu kulikuwa na harufu ya kimea mpaka kwenye nguo zangu za shule. Ulezi unalowekwa, unatandazwa juu ya gunia bichi, unafunikwa majani ya mgomba, siku ya tatu unaota vijimizizi vyeupe kama ndevu za mtoto. Unaanikwa, unasagwa. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye pipa la pombe. Lakini kila asubuhi bibi yako alichota kijiko kimoja akatia kwenye uji wetu. Mimi nilikuwa nalia sitaki, nawaambia watanicheka shuleni kwamba nakunywa pombe asubuhi. Akanijibu, "Mayo," ndivyo alivyoniita akinibembeleza, "ulezi ukilowa unaota tu. Haujui kama unakwenda kwa mlevi au kwa mtoto."

Nilipokuja hapa Mpanda na wewe mgongoni, nina miaka kumi na nane, baba yako ameshakwenda machimboni na barua zimeshakoma, niliapa sitagusa pombe ya mtu. Nilibatizwa, nikaingia kwaya, nikavaa kitambaa cheupe kichwani kama wenzangu. Kazi niliyoijua ilikuwa uji, nikapika uji. Nawe unakumbuka, siku za treni stesheni, siku nyingine sokoni. Uji wangu ulikuwa wa ulezi na viungo, na watu waliokuja wamekaa na baridi ya behewa tangu Tabora walikuwa wanautafuta. Unamkumbuka yule mzee wa ng'ombe mwenye shuka nyekundu? "Mama, uji wako huu una ugomvi! Unaniingilia kooni unanitokea masikioni. Niongeze!" Ukawa unacheka mpaka unamwaga vikombe.

Halafu zikaja zile mvua za mwaka juzi, reli ikakatika, sukari ikapotea Majengo nzima. Uji bila sukari nani ataununua? Nikakumbuka kijiko cha bibi yako.

Hapa nakuandikia na namna yake, maana ukienda bila kujua namna yake utakuwa umebeba kopo tu. Nyumbani tunasonga uji mzito kwanza, mzito kweli, mwiko usimame. Unaepua. Unangoja upoe kiasi kwamba kidole kinavumilia, sio zaidi. Hapo ndipo unatia kimea, kijiko kimoja, unakoroga. Ukitia ukiwa unachemka umekiua, hakifanyi kitu. Ukitia ukiwa baridi, kinalala. Ukipatia, baada ya muda mfupi ule uji mgumu unalegea wenyewe, unakuwa mwepesi, unakuwa mtamu na hujatia punje ya sukari. Halafu unarudisha motoni na tangawizi yako na mdalasini, na iliki ukijaliwa, uchemke kabisa. Huko shuleni huna jiko, ndiyo maana unga nimeukaanga mpaka ukaiva na kunukia. Omba maji ya moto jikoni, koroga uwe mzito, ngoja kidogo, tia kimea, hesabu vifungo vya shati lako juu na chini mara mbili tatu, kunywa. Kengele haijalia utakuwa umeshashiba, wenzako bado wanatafuta vikombe.

Kimea chenyewe nilikuwa nasaga kwenye jiwe humu ndani, sikukipeleka mashine. Mwenye mashine angesema, na hapa mtu akisikia kimea anasikia pombe. Hakuna anayeuliza swali la pili. Na mimi nilikuwa mwanakwaya, tena mtoto wa mpika pombe wa Sibwesa. Kwa hiyo nikawa nafunga mlango. Hilo ndilo kosa la kwanza, Yusta. Sikuwa nafanya kitu kibaya, lakini nilikifanya kwa kufunga mlango, na wewe ukiwa ndani unaniona nikifunga.

Mama Lameki alikuwa rafiki yangu. Nasema alikuwa. Tulisimama mstari mmoja kwenye kwaya, sauti ya pili, nilizoea bega lake likigusa langu kila Jumapili. Mlango wake unatazamana na wetu, hilo huna haja ya kuambiwa. Uliugua surua, yeye ndiye aliyekubeba. Alipojifungua Lameki, mimi ndiye niliyemfulia nepi mpaka akapata nguvu. Basi mama mkwe wake akaja kutoka kijijini, hana jino hata moja, hali chakula, anakwisha. Mama Lameki akaja kwangu analia. "Mama Yusta, wewe uji wako unafanyaje? Wa kwangu anautema, na nikiuongeza maji ni maji matupu. Nisaidie, dada yangu, mama wa watu atanifia mikononi waseme nimemnyima."

Nikamwingiza ndani. Nikafunga mlango, nikamwonyesha. Alipouona uji umelegea alipiga makofi kama mtoto. "Kumbe! Kumbe ni kimea! Mjanja wewe!" Nikamwambia isitoke nje. Akasema, "Nitoe nje nikampe nani? Mimi na wewe?" Yule bibi alikunywa, akapata nafuu, akarudi kwao anatembea.

Wiki tatu baadaye wakaja wazee wawili wa kanisa. Ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unachambua mchele, una miaka kumi na miwili. Naandika yote kama yalivyokuwa, hata ninayoyaonea aibu.

Mzee mrefu akasema, "Mama Yusta, tumeletewa habari nzito. Tunaambiwa hapa kuna pombe inapikwa."

Nikasema hakuna.

"Kimea je?"

Nyuma yao, kwenye kizingiti cha nyumba yake, nilimwona Mama Lameki amesimama na mtoto kiunoni. Hakuniangalia. Alikuwa anamfunga Lameki kifungo cha shati, na kile kifungo kilikuwa kimeshafungwa. Nikajua. Watu wawili tu hapa mjini ndio walijua kuna kimea ndani ya nyumba hii zaidi yangu, yeye na wewe. Nikasema, "Kimea? Mimi? Sina kimea."

Mzee akakugeukia wewe. "Haya, Yusta, wewe mtoto wa shule ya Jumapili. Mama ana kimea?"

Ukanitazama. Nikakukazia macho. Unayajua macho yale, yanamaanisha sema hapana. Na wewe, mwanangu, ukasema, "Kipo. Kwenye kibuyu, nyuma ya mlango. Ni cha uji."

Wakacheka. "Cha uji!" Yule mfupi akarudia, "Cha uji, sawa, na pipa ni la kuogea." Wakaingia, wakatoka na kibuyu. Jumapili ile nikaondolewa kwenye kwaya, nikaambiwa nikae benchi la nyuma, nisishiriki meza ya Bwana mpaka nitubu.

Sikiliza sasa, hapa ndipo nilipotaka kufika. Ulisema maneno matatu. Kipo, kiko wapi, na cha nini. Yote yalikuwa kweli, na lile la tatu lilikuwa linaniokoa. Kama mimi nisingekuwa nimeshakana, lingeniokoa. Ningesema, ndiyo wazee, kipo, kaeni hapo. Ningewasha moto mbele yao, ningesonga, ningetia kijiko, wangeona kwa macho yao, wangekunywa, na yule mrefu anapenda kula angeomba cha pili. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Badala yake nilisema sina, na mtu akishasema sina, kikionekana hakuna atakayeuliza kilikuwa cha nini.

Haikuwa wewe uliyenivunja. Lakini wakati ule sikuona hivyo. Nilimwona Mama Lameki amenipiga mgongoni, halafu mtoto niliyemzaa amenipiga kifuani. Mama Lameki sikumuweza. Nilikuweza wewe.

Sikukuchapa. Ingekuwa afadhali ningekuchapa, ingekwisha siku ile. Kesho yake asubuhi nilikuwekea chai ya rangi na kiporo cha ugali. Ukauliza, "Mama, uji leo hakuna?" Nikasema, "Uji wa kimea hapa haupikwi, si ulishawaambia." Hukuuliza tena. Na kweli sikupika tena, Yusta. Kweli nilikuwa naogopa watu, lakini kulikuwa na asubuhi nilizokuwa naweza, sukari imerudi, ningepika wa kawaida wa tangawizi tu ule unaoupenda, na nikakuwekea chai. Miaka miwili. Nilikuwa nakuangalia unachovya ugali baridi kwenye chai, nasema moyoni, ajifunze. Ulijifunza. Ulijifunza kuuliza nisemeje.

Ulipougua malaria ile mbaya nilikupikia uji, nikatia chumvi. Ukanywa wote, ukaniambia, "Asante mama, nimeshukuru." Ulinishukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Mama Lameki naye nikumalizie. Treni ziliporudi, alikaa pale pale nilipokuwa nakaa stesheni, chini ya lile bati, na sufuria. "Uji wa tangawizi! Uji wa moto!" Sauti ileile ya pili. Nilimpa msichana mmoja muuza karanga kikombe changu akaninunulie. Nilikunywa funda moja tu. Ulikuwa na kimea, na alikuwa amekitia uji ukiwa na moto kupita kiasi, haukulegea vizuri. Nilimwaga chini. Halafu nikaenda mpaka kwenye uzio wa yule mzee mrefu kumwambia, njooni muonje na huyu. Nikasimama pale. Nikarudi. Usinipe sifa, haikuwa huruma. Niliona wataniuliza, umejuaje ni kimea, nani alimfundisha? Na nani angemsikiliza wa benchi la nyuma?

Mpaka leo ananisalimia. "Habari za asubuhi, Mama Yusta." Naitikia nzuri. Sijamsamehe, na sitakudanganya kwamba nimemsamehe ili barua iwe tamu. Kinachoniuma sio ile nafasi ya stesheni, wateja wengine wa chai nimepata sokoni. Ni lile bega. Nikisikia kwaya inaimba bado nalisubiri. Pengine aliniogopa, pengine aliona nikipanda naye atabaki chini, mimi sijui. Nilimuuliza mara moja tu, kisimani, nikamwambia, "Nilikukosea nini?" Akasema, "Mimi? Aliyesema si mwanao?" Akajitwisha ndoo akaondoka. Na unajua nini, nilikaa na neno hilo mwaka mzima kama ni la kweli.

Nilitubu, ulikuwepo. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema nilipika pombe, nisameheni. Nilichoka kukaa nyuma, nilitaka kitambaa changu. Wakaimba, wakanipa mikono. Nilikuona mstari wa watoto, hukuwa unaimba. Ulikuwa unanitazama kama mtu aliyesoma hesabu ubaoni na anajua jibu sio lile. Siku ile nilikiri nisilolifanya. Nililolifanya sikumkiria mtu, na mtu wa kukiriwa ni wewe.

Basi nakiri sasa. Ulisema kweli nikakuadhibu. Nilikuita msaliti moyoni mwangu, miaka miwili, ndani ya nyumba ya chumba kimoja, tunalala kitanda kimoja. Walioachwa peke yao tulikuwa wawili, na mimi tena nikakuacha. Nina miaka thelathini na mbili, mwanangu, nimechoka kama mwenye hamsini, lakini kuchoka sio sababu. Usije ukasema mama alikuwa amechoka. Nisamehe ukiweza. Ukiwa huwezi sasa, kaa nalo, mimi bado sijaweza la Mama Lameki na mimi ni mtu mzima.

Sitakwambia usiwe na rafiki. Nimejaribu kuishi bila rafiki, asubuhi zinakuwa ndefu. Utampata wa kulala naye kitanda cha chini na cha juu, mtagawana sabuni, na pengine siku moja atafunga kifungo ambacho kimeshafungwa. Utaumia. Nakuomba kitu kimoja tu, usimtafute aliye mdogo kuliko wewe ukamlipisha yeye.

Nilitaka kuificha barua hii chini ya unga, uikute kopo likikaribia kuisha, mwezi wa tatu hivi. Nikaona ndiyo yale yale ya kufunga mlango. Nitakupa mkononi ukirudi, usome nikiwa hapa hapa nakuangalia, hata kama sitajua pa kuweka uso.

Na kesho treni haiondoki mapema, tuna muda. Nimeshapembua ulezi, na iliki nimekwenda kununua Majengo, punje nne. Nitasonga uji mzito, nitaepua, nitangoja kidole kivumilie, na kijiko cha kimea utatia wewe mwenyewe kwa mkono wako. Mlango utakuwa wazi. Nitausukuma mpaka ugonge ukuta. Harufu ya iliki ikifika kwenye kizingiti cha mwenzetu, ifike. Akitokea mtu akauliza mnapika nini humo, nitamjibu mimi kwanza, wewe usikie nikimjibu.

Uliniuliza useme nini. Matroni akishika kopo akasema hiki ni nini, mtazame usoni, sema, "Ni kimea. Ni cha uji." Akicheka, mwombe maji ya moto.

Nasikia mlango wa uani. Umerudi mapema, kama kawaida yako husikii.

Mama yako